Meno Mawili ya Mwanya

Siku spana ilipomvunja meno, Mwanya hakulia wala hakukimbilia hospitali. Alitema damu kwenye ndoo, akaingiza mkono, akatoa jino moja zima na nusu ya jino la pili, akayafunga kwenye leso na kuyatia mfukoni. Kisha akarudi kukaza kile kiungio cha bomba kilichomponza, kwa sababu maji yalikuwa yamefungwa jengo zima la ghorofa nne na kuna watu walishajipaka sabuni. Alipomaliza ndipo akakubali kupelekwa kwa daktari wa meno. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani na mikono isiyotetemeka, alifungua leso, akatazama, akatikisa kichwa. Jino lile zima, alisema, lingetiwa kwenye maziwa na kuletwa mbio ndani ya saa moja, huenda lingerudishwa mahali pake likashika. Sasa limekauka, basi tena.

"Saa nzima hiyo ulikuwa wapi, baba?" akauliza.

Mwanya, mdomo umemvimba hata maneno hayapiti, akajibu kwa vidole: alikuwa anakaza bomba. Mkewe aliposimuliwa alisema huo si ushujaa, ni wazimu, na ukweli usemwe, mama wa watu hakukosea.

Lakini mtu mwenyewe ndivyo alivyo, akianza kitu hakiachi njiani. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na sita kati ya hiyo ameila akiwa fundi bomba wa manispaa, mtu wa kuingia chini ya sinki za watu na kutoka na magoti yaliyolowa. Jina lake la kwenye hati alilijua karani wa mishahara peke yake. Tangu shule ya msingi watu wote humwita Mwanya, kwa ajili ya uwazi uliokuwa kati ya meno yake mawili ya mbele ya juu, uwazi wa kupitisha kijiti cha kiberiti kisiguse huku wala huku. Juu ya hapo, jino la kushoto lilikuwa limegeuka kidogo, limetanguliza bega moja kama mtu anayechungulia mlangoni. Mkewe tu ndiye hakumwita Mwanya hata siku moja. Kwake alikuwa "mume wangu", na wakigombana, "bwana wewe".

Meno hayo aliyarithi kwa mama yake, naye akamrithisha kitinda mimba wake, binti ambaye hakushukuru hata chembe. Binti alikuwa na miaka ishirini na mmoja, anauza simu dukani, mcheshi kweli kweli, lakini kila akicheka mkono ulikuwa unapanda wenyewe kufunika mdomo. Alishamwambia baba yake kwamba akipata nafasi tu, atafungwa nyaya avutwe meno mpaka mwanya ufe. Baba alisema sawa. Angesemaje? Mdomo si wake.

Bomba ndilo lililomlisha Mwanya na familia yake, hilo halina ubishi. Kilichokuwa kinamwamsha na furaha ni tarumbeta. Manispaa ilikuwa na bendi ya wafanyakazi wake: wafagia barabara, makarani, mafundi, mzima moto mmoja mnene aliyepiga tuba, lile baragumu kubwa la sauti nzito. Walifanya mazoezi Jumanne na Alhamisi baada ya kazi kwenye ghala kuukuu nyuma ya ofisi ya maji, na Jumapili jioni walipiga kwenye bustani ya manispaa. Kwa miaka kumi na tisa Mwanya ndiye aliyekalia kiti cha tarumbeta ya kwanza. Sauti yake ilikuwa pana, na ukwaruzo kidogo pembeni, kama sauti ya mtu aliyetoka kuamka na ana habari njema. Watu wasiojua muziki hata kidogo walikuwa wanaitambua wakiwa ng'ambo ya barabara.

Sasa, bendi ile ilikuwa na sheria yake. Vyombo ni mali ya bendi, na mara moja kwa mwaka, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, kulikuwa na ukaguzi. Kiongozi wao, mzee mkavu waliyemwita Mwalimu, alikaa nyuma ya meza na daftari lake. Kila mpigaji alisimama peke yake, akashika noti moja huku Mwalimu akigonga meza kwa kidole mpaka ishirini, kisha akapiga sehemu yake ya wimbo wa ufunguzi. Anayeshindwa anakabidhi chombo palepale, na anakipokea anayemfuata. Hakuna huruma, hakuna rufaa. Mwalimu alishamnyang'anya klarineti ndugu yake wa tumbo moja, na ndugu huyo mpaka leo akimwona kwa mbali hubadilisha njia.

Aliyemfuata Mwanya alikuwa karani wa ardhi, mwanamke mpole mwenye pumzi isiyoisha, na hakuficha kwamba anaitamani tarumbeta ile. Hakuwa na ubaya, jamani. Alikuwa amekaa kiti cha pili miaka minane, na kiti cha pili nacho kinachosha. Spana ilimpiga Mwanya mwezi wa kwanza. Kwa hiyo alikuwa na miezi kumi na moja ya kupata meno na sauti, la sivyo tarumbeta ingekwenda kwa karani mbele ya macho yake.

Kwanza alijaribu meno ya kuvaa, yale ya kutoa na kurudisha. Kwenye kula hayakuwa mabaya. Jumanne ya kwanza ya mazoezi akayapeleka kwenye tarumbeta, akavuta pumzi, akabana midomo, na noti ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ikatetemeka. Kwenye ya tatu alipoishusha tarumbeta, meno yalishuka nayo, yakaangukia juu ya ngoma kubwa na kurukaruka pale kama yanaendelea na wimbo. Bendi nzima ilicheka mpaka mzima moto akaweka tuba chini. Mwanya naye alicheka, kwani angefanyaje, lakini njiani kurudi nyumbani machozi yalimtoka na hakujisumbua kuyafuta. Alhamisi yake Mwalimu akampa matoazi apige, ili asikae bure. Mtu wa tarumbeta ya kwanza kupewa matoazi! Waliomtania walimtania siku mbili tatu, kisha wakaona uso wake, wakaacha.

Akarudi kwa daktari, akasema anataka meno yasiyotoka hata mtu akiyapulizia tufani. Daktari akamweleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni daraja: meno mazima ya jirani yanachongwa, na yale ya bandia yanaegemezwa juu yake. Mwanya akakataa hapo hapo, akasema yeye hakati bomba zima ili kukarabati bovu. Ya pili ni kupandikiza. Daktari akafungua kasha dogo, akamwekea kiganjani skrubu ndogo ya madini ya titani, fupi kuliko ukucha wa kidole gumba.

Hapo ungemwona fundi. Alivaa miwani, akaigeuza skrubu, akaipima hesi zake, ile mizunguko ya kukazia, kwa ukucha, akauliza inakazwa kwenye nini. Kwenye mfupa wa taya, akaambiwa. Akauliza kama wanazungushia utepe kwanza ili isivuje, na daktari akacheka mpaka akavua miwani yake. Hakuna utepe, alisema. Mfupa wenyewe ndio unaoota ukaing'ang'ania skrubu, na kazi hiyo huchukua miezi. Ikishashika, juu yake inafungwa kofia yenye umbo la jino. Lakini skrubu ikitikiswa kabla ya wakati, mfupa haushiki, na kazi yote imekwenda na maji.

"Kwa hiyo hutapuliza," daktari akasema. "Si tarumbeta, si filimbi, si puto la mtoto. Mpaka nikuambie. Utaweza?"

"Daktari," Mwanya akajibu, "bomba ukiliunga leo, hulifungulii maji leo. Hilo nilikuwa nawaambia watu wewe bado uko shule."

Pikipiki yake ikauzwa kwa ajili ya kazi ile, na tangu hapo akawa anakwenda kazini kwa miguu, begi la spana begani. Kwanza kisiki cha lile jino lililovunjika kilitolewa, ufizi ukaachwa upone. Mwezi wa tatu alikaa kwenye kile kiti kirefu, akachomwa sindano ya ganzi, akasikia mtetemo wa mashine ndani ya fuvu lake. Anasema hakuumia, ila ilikuwa ajabu kusikia mtu mwingine akikaza skrubu na yeye hana la kusema. Kisha ikaja miezi ya kungoja.

Subira watu huisifu, lakini wanaoisifu mara nyingi si wao wanaosubiri. Mwanya alikuwa na hasira ya kimya miezi ile yote. Alikula kwa meno ya pembeni. Alipiga matoazi yake Jumapili, akisikia karani wa ardhi akimpigia sehemu yake ya tarumbeta ya kwanza vizuri, na uzuri ule ulimuuma kuliko kama angekosea. Lakini hakukaa akijihurumia. Vitufe vya tarumbeta alivibonyeza kila siku saa nzima, wimbo mmoja baada ya mwingine, bila kupuliza, akiisikia sauti kichwani tu. Ngazi za majengo alizipanda akiwa amebana pumzi, ghorofa ya kwanza, kisha mbili, mpaka mlinzi mmoja akafikiri anaibiwa na mtu anayenyata. Kipulizio cha tarumbeta, kile kidude cha mbele kinachogusa midomo, alikitia mfuko wa shati na kutembea nacho. Mkewe alimwuliza cha nini naye haruhusiwi kukitumia. Akasema anakizoesha joto lake, kisije kikamsahau.

Mwezi wa tisa picha ya eksirei ilionyesha mfupa umezikumbatia skrubu zote mbili. Daktari aligonga moja kwa kijichuma, ikalia kwa mlio mkavu, naye Mwanya akafumba macho kwa furaha. Ikabaki kutengeneza meno yenyewe, na hapo ndipo walipokosea wote watatu, daktari, Mwanya na mkewe.

Daktari aliomba picha ya zamani inayoonyesha meno yake. Nyumba nzima ikapekuliwa. Picha zilikuwepo, si haba, na katika kila moja Mwanya ana tarumbeta mdomoni. Zisizo na tarumbeta zilikuwa mbili. Moja ni ya harusi, na siku hiyo alikuwa amefunga mdomo kwa woga. Nyingine ni ya kitambulisho, na kwenye kitambulisho hakuna binadamu anayecheka. Basi siku ya vipimo daktari akauliza yalikuwaje, na aliyeulizwa alikuwa na pamba kila upande na kioo katikati. Mtu mwenye mikono ya daktari mdomoni hana kauli. Mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, akajibu badala yake. Alisema yalikuwa meno tu, lakini maadamu yanatengenezwa, yatengenezwe vizuri, yanyooke, yabanane, yawe kama ya watangazaji wa televisheni. Alilisema kwa mapenzi. Mwanya akaguna, na daktari akalichukulia guno lile kuwa ndiyo. Na kweli ilikuwa ndiyo, kwa maana hata yeye alidhani meno ni meno.

Yalipofungwa, yalikuwa mazuri haswa. Meupe, yamenyooka, yamebanana hata ulimi haukuona pa kupita. Mtaa ulimsifu. Mkewe alimtembeza kwa ndugu kama mtu aliyenunua kabati jipya. Kazini wakamwuliza sasa wamwiteje, naye akacheka kwa meno yote, huku binti yake akimtazama kwa wivu usiofichika.

Kisha daktari akamruhusu kupuliza, naye akaenda ghalani peke yake, akaipeleka tarumbeta mdomoni baada ya miezi tisa. Sauti ilitoka. Ilikuwa nyembamba, safi, na haikuwa na mtu ndani.

Alijiambia ni uzembe wa midomo. Daktari naye alishamwonya kuwa itachukua muda. Akafanya mazoezi asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Midomo ikavimba, ikachanika, ikapakwa mafuta, ikarudi kazini. Noti ndefu ilikuwa inamfia kwenye hesabu ya kumi na mbili, kumi na tatu, na ile ya juu ya wimbo wa ufunguzi ilikuwa inateleza kama sabuni. Alhamisi moja alipogeuka alimkuta Mwalimu amesimama mlangoni, kofia mkononi, haijulikani tangu saa ngapi.

"Tarumbeta ni ya bendi," Mwalimu akasema taratibu. "Vidole ni vyako. Anayepuliza simjui."

Akavaa kofia akaondoka. Mwanya alikaa juu ya kreti tupu na kwa mara ya kwanza mwaka ule akaogopa. Hakuwa amewahi kuogopa spana wala sindano. Sasa aliogopa kwamba amefanya kila alichoambiwa, kwa usahihi, na bado haitoshi.

Jawabu lilimjia kazini. Mama mmoja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali alilalamika kwamba tangu wabadilishiwe bomba la maji, presha imeharibika. Mwanya akapima. Presha ilikuwa ile ile. Akafungua, akatazama, akaona bomba la zamani lililotupwa pembeni lilikuwa na mdomo mpana ulioliwa upande mmoja, na hili jipya limechongeka vizuri, jembamba. Maji ni yale yale, nguvu ni ile ile, kilichobadilika ni mdomo. Alibaki amesimama pale, maji yakimwagikia viatuni, ulimi wake ukitembea nyuma ya meno mapya na kukuta ukuta. Mama wa kufulia alimwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, mama, ndiyo kwanza napona.

Jioni, mezani, akawaambia mkewe na binti kwamba atarudi kwa daktari akatolewe meno yale na kuwekewa yenye mwanya, na la kushoto ligeuzwe kama zamani. Mkewe aliweka kijiko chini. Alikuwa ameumia, na hakuficha. Alisema yeye ndiye aliyeyachagua, na kila aliyeyaona ameyasifu, na kumbe mwenzake alikuwa anayavumilia tu. Mwanya akamshika mkono. Akamwambia ni mazuri kuliko alivyostahili, na kama kazi yake ingekuwa kucheka angekufa nayo. Mkewe akasema haya, nenda, maana ukishika jambo wewe hata nikikufunga kamba utaondoka na nguzo.

Binti ndiye aliyekuwa hajasema. Jumatatu baada ya ukaguzi alikuwa na miadi kwa daktari yule yule, ya kufungwa nyaya zake.

"Baba," akasema, na mkono ulikuwa mdomoni hata hapo, "unakwenda kutengenezewa makusudi kile ninachokificha mimi?"

 Swali hilo lilimchoma Mwanya kwa sababu hakuwa amelifikiria kabisa.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema katika miaka yake yote watu wamemjia awazibie mianya, na huyu ni wa kwanza kumjia atobolewe. Habari njema ni kwamba skrubu hazina haja ya kuguswa, zina nafasi ya kutosha baina yake. Zitabadilishwa kofia za juu tu. Habari mbaya ni kwamba hawezi kutengeneza mwanya kwa kukisia. Upana gani? Umeanzia juu au chini? Jino limegeuka kiasi gani? Nusu milimita ikipotea, sauti nayo imepotea, na zimebaki siku kumi na tisa. Anahitaji kielelezo, na picha hakuna.

Mwanya alirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu. Alimkuta binti kibarazani anakunja nguo zilizokauka, akakaa karibu naye, akamsaidia kukunja shuka moja na kuiharibu. Kisha akasema kilichomleta. Hakubembeleza, hakuzunguka.

"Mwanangu, sina picha. Picha yangu ni wewe. Kabla hawajakufunga hizo nyaya, niazime meno yako siku moja."

Binti alimtazama kama hajasikia vizuri. Halafu akaangua kicheko, mkono ukapanda, na nyuma ya mkono ule macho yakajaa maji. Akaichukua shuka aliyoiharibu baba yake akaikunja upya. Kesho yake aliomba ruhusa dukani.

Daktari alimjaza mdomo dongo laini la kupigia chapa, akamwambia asicheke, jambo ambalo kwa mtoto yule ni adhabu. Baba alisimama kando ya kiti akimtazama daktari akipima meno ya binti yake kwa kijirula kidogo, jino kwa jino, na kusoma namba kwa sauti kama anayesoma kitu cha thamani. Binti naye alikuwa anasikia. Hakuna mtu aliyewahi kuyatazama meno yale muda mrefu hivyo bila kutabasamu pembeni.

Meno ya majaribio yalikuja baada ya siku nane. Mwanya aliingia kliniki na tarumbeta. Daktari akakaza, Mwanya akapuliza, daktari akakwangua kidogo kwa ndani, Mwanya akapuliza tena. Chumba ni kidogo na tarumbeta haina siri. Kwenye benchi la nje mzee mmoja aliyekuja kung'olewa gego alimwambia mhudumu wa mapokezi kwamba ghafla amepona, akachukua fimbo yake akaondoka. Mara ya nne, au ya tano, sauti ikatoka na ule ukwaruzo pembeni. Mwanya aliishusha tarumbeta.  Daktari, asiyejua muziki hata kidogo, akaweka chombo chake chini akasema, "Ndiyo hiyo, sivyo?"

Meno yenyewe yalifungwa siku mbili kabla ya ukaguzi.

Jumamosi ghala lilijaa. Wapigaji walikaa mistari miwili, ndugu zao nyuma kwenye mabenchi. Mkewe alikuja na mkoba wake mapajani, binti pembeni yake. Karani wa ardhi alipiga kabla ya Mwanya, akapiga vizuri mno, akarudi kukaa bila kumtazama mtu. Mwalimu akafunua daftari, akasoma jina la kwenye hati, lile analolijua karani wa mishahara, na ikachukua muda watu kufahamu ni nani anayeitwa.

Mwanya akasimama. Akatoa kipulizio mfukoni, kikiwa na joto, akakichomeka. Kidole cha Mwalimu kikaanza kugonga meza.

Mpaka kumi ilikuwa rahisi. Kwenye kumi na mbili, pale ilipokuwa inamfia, alihisi pumzi inatafuta njia, na njia ilikuwepo. Kumi na tano. Ngazi zote alizozipanda mwaka ule zikamlipa. Kumi na nane, shingo imemtoka mishipa. Ishirini ilipogongwa hakuikata kwa pupa, aliiweka chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Halafu, bila kusubiri kuambiwa, akaingia kwenye wimbo. Ile noti ya juu iliyokuwa ikiteleza aliiendea moja kwa moja, akaikuta inamngoja, pana na yenye ukwaruzo wake, na mzima moto akasahau adabu ya ukaguzi akapiga goti lake kwa kofi. Mwanya akatupa macho nyuma ya ghala. Mkewe alikuwa analia waziwazi. Binti alikuwa anacheka, kichwa kimerudi nyuma, na mikono yake yote miwili iko mapajani.

Mwalimu alichukua kalamu, akaandika, akafunga daftari.

"Rudi kwenye kiti chako, Mwanya," akasema.

Karani wa ardhi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa mkono, na aliusogeza mwenyewe mkoba wake kutoka kiti cha kwanza.

Walirudi nyumbani kwa miguu wote watatu, tarumbeta ikibebwa kwa zamu. Walipokaribia kwao binti akapunguza mwendo mpaka akawa sambamba na baba yake. Akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kama ile miadi yake ya Jumatatu bado ipo. Mwanya alitaka kusema mengi, na yote yalikuwa ya kujipendelea, akayameza.

"Ipo," akasema. "Hayo ni meno yako, mama, uyafanye utakavyo. Mimi hapa nina nakala tu."

Jumatatu daktari alimngoja binti mpaka saa nne na nusu. Kisha akalikata jina lake kwenye orodha, akamwita mgonjwa mwingine.